Hodi Niliyoisikia Peke Yangu

Bwana asifiwe, Karatu! Wa mbele mmeitika, wa nyuma naona bado mna baridi. Asifiwe tena, na ninyi mliosimama nje dirishani nanyi muitike! Amina. Mchungaji amenipa nafasi na amenionya nisizidishe, kwa sababu ananijua. Mtanivumilia nikitembeatembea hapa mbele. Sijawahi kuweza kusimama mahali pamoja. Hata siku ya harusi yangu msimamizi alinishika koti kwa nyuma ili nitulie.

Naitwa Basili. Nimezaliwa Buger, nimeoa Rhotia, na kazi yangu ni ufundi wa magari ya watalii, gereji ya hapa hapa mjini. Lakini ndugu zangu, wengi wenu jina hilo hamlijui. Mnanijua kwa jina la Koleo. Msijifiche! Mmelipiga kelele wenyewe siku za mnada mpaka sauti zikakauka. Yupo mzee mmoja wa kanisa hapa mbele, simtaji, aliwahi kupanda juu ya pipa ili anione vizuri nikimkaba mtu. Naona anatazama chini. Mzee, usijali, leo ni zamu yangu.

Miaka ile lami ndiyo kwanza imefika Karatu. Magari yakaongezeka, wageni wakaongezeka, na sisi vijana wa mjini tukaanza kutafuta kitu cha kututoa. Akaja Mwalimu Anselmi kutoka Kilimanjaro kufanya biashara ya nafaka. Huyu alikuwa askari zamani, akajifunza judo hukohuko jeshini. Ghala lake likiwa tupu, alitandaza nyasi za ngano, juu yake akafunika turubai kuukuu la lori, akatufundisha. Ngumi zimo, mateke yamo, mieleka imo, na kukaba kumo. Sisi tuliuita mchanganyiko. Tulikuwa kama thelathini, kisha tukabaki kumi na wawili, maana nyasi za ngano zinachoma mgongo, na Mwalimu hakuwa na huruma na mvivu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu bila hili hamtauelewa ushuhuda wangu. Katika mchezo ule, ukishakabwa shingo, au mkono wako ukashikwa kiwiko kikaelekezwa kule kusikokunjika, kuna njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza useme kwa sauti, "Basi!" Ya pili upige kiganja mara mbili, juu ya turubai au juu ya mwili wa mwenzako. Sisi tuliita kubisha hodi. Mtu akibisha hodi, unaachia. Palepale! Humalizii, hukazi kidogo. Mwalimu alisema yeyote atakayeendelea kukaza baada ya hodi hatakanyaga turubai lake tena mpaka kiama.

Na mnajua wenyewe watu wetu tulivyo. Mimi nilipopelekwa jandoni baba alinikazia macho, akaniambia nikitoa hata mguno nisirudi kwake. Ndugu zetu Wamasai nao ni hivyohivyo, au wamezidi. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu, sikilizeni, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "Basi!" mbele ya watu. Afadhali avunjike. Tulikuwa tunabisha hodi tu, kimyakimya, kwa kiganja, na Mwalimu kama mwamuzi alikuwa anazunguka ameinama ili aione ile hodi.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango wangu.

Niligundua mbinu. Nikiwa nimeuvuta mkono wa mtu katikati ya miguu yangu, nilikuwa najigeuza tunalala wote wawili kifudifudi. Mkono mmoja wake ninao mimi, ule mwingine umebaki chini ya tumbo lake mwenyewe. Akitaka kubisha hodi ataibishia wapi? Anabisha kwenye paja langu, kwa chini, palipojificha. Mwalimu haioni. Watazamaji hawaioni. Naisikia mimi peke yangu. Nami sikuwa naachia. Nilikuwa nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Wakati mwingine mpaka tano. Kisha ndiyo naachia, nasimama, natabasamu, namshika mwenzangu bega kama mtu mwema.

Mtaniuliza, Basili, ulikuwa unapata nini? Nitawaambia ukweli, na ni aibu. Pale gerejini mimi nilikuwa mtu wa chini ya gari. Madereva wa watalii wanakuja na miwani yao myeusi na Kiingereza chao, wananiita kwa kupiga teke tairi: "Wewe, toka huko, shokapu linalia." Siku nzima nalala mgongoni, oili inanidondokea usoni. Lakini pale kwenye turubai, mtu mzima mwenye nguvu zake ananiomba nimfungulie, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na yeye. Kile kitambo kifupi, kati ya hodi na kuachia, nilikuwa mungu mdogo. Nilikipenda. Mungu anisamehe, nilikipenda kuliko ushindi wenyewe!

Na waliobisha hodi hawakunishtaki. Wangesemaje? Angesimama nani aseme mbele ya vijana wenzake, "Niliomba akaninyima"? Wakaondoka wanapapasa viwiko, wakasema huyu ana mikono ya koleo. Jina likatokea hapo.

Sasa niwaambie kuhusu Fabiano. Fabiano ni kaka wa mke wangu, mkulima wa Rhotia. Mtu mkimya, mpole, na ana nguvu za plau, si nguvu za kujionyesha. Ni mimi niliyemleta ghalani. Nilimwambia, "Shemeji, njoo ujinyooshe, msimu umekwisha." Akaja kwa kunipenda tu. Na ndugu zangu, yule bwana alikuwa na kipaji! Mwezi wake wa pili pale alininyanyua mazoezini akanibwaga. Kesho yake akanibwaga tena. Wenzangu wakacheka, wakasema Koleo amepata mkulima wa kumng'oa. Fabiano mwenyewe alinipa mkono kuniinua, akaniambia, "Pole shemeji, utelezi huo." Mimi nikacheka na wenzangu. Moyoni nilikuwa nachemka kama rejeta.

Siku ya mnada Mwalimu alikuwa anatandika turubai uwanjani, watu waone vijana wake. Akanipanga na Fabiano. Mke wangu Magdalena alikuwepo, amesimama na mama yake, wanacheka, hawajui wamshangilie nani. Ng'ombe wanalia kule, watu wamejaa, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Fabiano akanibwaga mara ya tatu, mbele ya Karatu nzima. Watu wakapiga kelele. Nikiwa chini nikaudaka mkono wake wa kulia, nikaupitisha katikati ya miguu yangu, nikajigeuza. Kifudifudi wote.

Akabisha hodi kwenye paja langu. Ta, ta.

Niliisikia. Msinipe visingizio, maana wengine wamejaribu kunipa, wanasema labda kelele zilikuwa nyingi. Hapana! Niliisikia kama ninavyojisikia sasa hivi. Watu wanaimba, "Koleo! Kaza! Koleo! Kaza!" na mimi nikaanza hesabu yangu. Moja. Mbili. Nilipofika tatu kiwiko kikatoa mlio kama ukuni mbichi ukiuvunja gotini.

Fabiano hakulia. Alikaa kitako, mkono umeelekea upande mwingine kabisa, uso umekuwa wa majivu. Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Fabiano, ulibisha hodi?" Nilisimama pale. Nikamwona shemeji yangu anamtazama dada yake, kisha anamtazama Mwalimu. Akasema, "Sikubisha, Mwalimu. Nilijitakia mwenyewe."

Mwalimu akauinua mkono wangu juu. Nami nikauacha uinuliwe.

Ndugu zangu, tangu siku ile sikupata raha. Hospitali walimfunga plasta, ilipotolewa mkono ukawa umeganda. Haunyooki mpaka mwisho, haukunjiki mpaka mwisho, na vidole viwili havina nguvu. Plau ina mikono miwili. Fabiano akawa na mmoja. Msimu ule mama mkwe wangu, mwanamke wa umri ule, alishika plau nyuma ya ng'ombe. Magdalena alikuwa akienda Rhotia kuwasaidia, anarudi na matope mpaka magotini, ananiambia huku anaosha miguu, "Kaka anashindwa hata kuwafunga ng'ombe nira." Mimi nainuka. Naenda nje. Narudi. Nakaa. Nainuka tena. Ananiuliza, "Baba Yohana, una nini, mbona kama umekalia siafu?" Nasema ni kazi tu, magari ni mengi.

Mikono yangu nayo ikanigeuka. Gerejini nilikuwa nakata bolti. Fundi wa miaka yote ile, nakaza bolti ya gurudumu mpaka inakatika kichwa! Bosi akaniambia, "Basili, unagombana na nani humo?" Kikombe cha chai nilikivunja nikiwa nimekishika tu. Mwanangu Yohana nilimshika mkono tuvuke barabara, akalia, akasema, "Baba, unaniumiza." Nilimwachia katikati ya barabara, nikakimbia pembeni mimi, mama mmoja muuza ndizi akamvusha. Aibu gani hiyo!

Kanisani humu nilikuwa nakaa kule mlangoni. Mchungaji akigusa habari ya kusamehe, natoka kwenda kuangalia kama imeanza kunyesha. Mtu gani anaangalia mvua mwezi wa nane? Lakini nilitoka.

Jumapili moja tulikwenda Rhotia kwa wakwe. Tukala, tukamaliza, mama mkwe akasema tumwombee Fabiano mkono wake. Sote tukainamisha vichwa. Akaniambia, "Mkwe, wewe ni mwanaume hapa, tuongoze." Ndugu zangu! Nilisimama nikaanza: Bwana, umguse Fabiano, Bwana, umrejeshee. Nikafumbua jicho kidogo. Fabiano hakuwa amefumba macho. Alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika, hakuwa analia, ananitazama tu kama mtu anayesubiri gari stendi. Nilisahau maneno. Nilisema amina katikati ya sentensi. Mama mkwe akanisifu, akasema mkwe wangu ana uchungu na mwanangu.

Mngedhani nitaacha ule mchezo. Sikuacha! Niliongeza mazoezi. Mtu akiwa anakimbia kitu hasimami kuuliza kama njia ndiyo. Na hapo Mwalimu akapata barua kutoka Arusha: mji mkubwa wanafanya mapambano, kila klabu ilete mtu mmoja. Sisi tukabaki wawili wa kugombea nafasi hiyo, mimi na Lemayan.

Lemayan ni kijana wa Kimasai kutoka Ololosokwan, wakati huo akiwa mlinzi wa kambi ya watalii kule juu kwenye kingo za kreta. Nilikuwa namkuta nikipanda kutengeneza magari yaliyokwama Ngorongoro. Ukungu umefunga, huoni hatua tatu, unasikia tu sauti yake inasema, "Koleo, umekuja na chai?" Mrefu, mwepesi, na mcheshi kweli. Akishuka Karatu kwa mazoezi anaacha shuka lake na viatu vyake vya matairi pembeni, shuka analikunja, viatu anavipanga, kama mtu anayeingia hekaluni.

Siku ya pambano ikawa ya mnada tena, uwanja uleule. Watu wa rika lake walikuwa wameshuka kutoka kote, wamesimama mstari mmoja na fimbo zao. Magdalena alikuja na mwanetu Yohana. Na Fabiano alikuja, amesimama nyuma kabisa, mkono wake umekaa tumboni. Nilipomwona nilitaka kukimbia. Lakini kelele za "Koleo! Koleo!" zilishaanza, nami nikaingia.

Sitawachosha na pambano. Lemayan alinipiga teke hapa ubavuni, mpaka leo kukiwa na baridi panauma. Nami nikamwangusha, tukaviringika, mkono wake wa kulia ukaingia nilipokuwa nautaka. Nikajigeuza. Mwili ulijua wenyewe, haukuniuliza. Kifudifudi wote wawili, mkono wake mwingine chini ya tumbo, Mwalimu upande wa pili haoni kitu.

Ta, ta. Pajani.

Na watu wanaimba, "Kaza!" Mikono yangu ikakaza. Nawaambia ukweli mbele za Mungu: nilitaka kuachia, na mikono ikakataa! Nilikuwa nimeizoesha hivyo. Nikasikia kiwiko cha yule kijana kinaanza kutetemeka, nikajua kilichobaki ni kidogo sana, maana nakijua kile kidogo kuliko mtu yeyote Karatu nzima. Hapo nikalia kwa ndani. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema, "Yesu, nifungue mikono." Basi. Maneno matatu, mdomo umejaa vumbi la turubai.

Ikafunguka! Haleluya! Sikuifungua mimi. Vidole viliachia kimoja kimoja kama vya mtu anayelala usingizi.

Lakini sasa angalieni mtego niliokuwa nimejitegea mwenyewe. Nani ameiona ile hodi? Hakuna! Watu waliona tu mkono umechomoka. Wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Koleo limeota kutu!" Mwalimu akapiga makofi, "Endeleeni!" Nikasimama nikamwambia, "Mwalimu, amebisha hodi." Akasema, "Sikuona. Endeleeni." Nikarudia. Mwalimu akamgeukia Lemayan, akamuuliza kama amebisha.

Mtu yule alikuwa na njia nyeupe kabisa. Aseme "sikubisha," basi. Watu wa rika lake wote wapo, wanamtazama, mkono wake mzima, na mimi nimeshachoka. Angenimaliza na Arusha angekwenda. Lemayan alijipangusa vumbi mdomoni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye zizi, "Nimebisha. Mara mbili. Huyu amesikia, ameniachia."

Mwalimu akafurahi sana. Akaushika mkono wangu, akauinua, akawaambia watu, huu ndio mchezo, tazameni vijana wangu wote wawili. Watu wakapiga makofi. Hata wale wa mstari wa fimbo wakaguna kwa heshima. Nimeshinda, ndugu zangu! Arusha naenda, na sasa nasifiwa kwa uungwana juu yake. Mkono wangu uko juu. Na kule nyuma namwona Fabiano anageuka, anaanza kuondoka taratibu, mkono wake tumboni.

Sikuweza. Nilipiga kelele, sauti hata sikuijua kama ni yangu: "Na Fabiano alibisha! Fabiano alibisha hodi nikamsikia! Nilimvunja makusudi!"

 Nilikuwa nasikia ng'ombe tu. Nikaendelea, sikuweza kusimama. Nikataja wengine niliowafanyia, mmoja mmoja, kwa majina, na mbinu yangu yote ya kulala kifudifudi. Mwalimu akaushusha mkono wangu polepole, akauachia kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Akaniambia, "Toka kwenye turubai langu."  Lemayan akaenda Arusha. Nami sijakanyaga turubai la Mwalimu Anselmi mpaka leo, na ni haki.

 Magdalena alimshika Yohana mkono, akapitiliza kwa mama yake Rhotia. Wiki tatu nilikaa peke yangu, napika ugali mbichi, nakula mwenyewe. Lakini niwaambie jambo la ajabu: bolti zilikoma kukatika. Kikombe kilikaa mkononi. Kila kitu changu kilikuwa kimeharibika, na bado kifua kilikuwa kinapitisha hewa. Bwana alikuwa ameshanishika.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Kukiri kosa mbele ya watu mia ni rahisi kuliko kulikiri kwa yule uliyemkosea, mlangoni kwake. Nilipanda Rhotia kwa miguu ili nipate muda wa kutunga maneno. Nikamkuta Fabiano amekaa kwenye gogo anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Maneno yote niliyotunga yakapotea. Nikapiga magoti kwenye magunzi, nikasema, "Shemeji, ulibisha hodi mara mbili, nikakunyima. Nisamehe."

Akaendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Mara nne."

Nikasema, "Nini?"

"Nilibisha mara nne, shemeji. Wewe umezisikia mbili tu?"

Ndugu zangu, nililia nikiwa nimelaza uso kwenye magunzi! Miezi yote ile mimi nalia na hodi mbili. Zile mbili nyingine sikuzisikia kwa sababu nilikuwa nahesabu. Mwenzangu anabisha, mimi nahesabu!

Akaniambia na jingine, bila kupaza sauti. "Nilimdanganya Mwalimu kwa ajili ya dada yangu, ili nyumba yake isivunjike. Usifikiri nilifanya kwa ajili yako." Nikasema sawa. Nikamuuliza, "Utanisamehe?" Akasema, "Mimi sijui kusema maneno hayo. Kesho alfajiri ng'ombe watakuwa wamefungwa. Njoo ushike plau upande wa kulia."

Nikaenda. Kesho yake, na kesho kutwa, na msimu uliofuata. Yeye anashika mkono wa kushoto wa plau, mimi wa kulia, tunakwenda bega kwa bega kama wendawazimu wawili, majirani wanasimama kututazama. Mwanzoni tulikuwa hatusemi kitu, zaidi ya kuwaamuru ng'ombe. Magdalena akatuona hivyo siku kadhaa. Siku moja akatuletea uji shambani, akanipa na mimi bakuli. Jioni ile akarudi nyumbani na mtoto. Bwana ni mwema!

Msiniulize mkono wa Fabiano umepona. Haujapona. Tumeuombea, mchungaji ameuombea, mama mkwe hajaacha kuuombea. Bado haunyooki. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaopenda ushuhuda uliopigwa pasi. Wangu una mikunjo. Mimi nilifunguliwa, na mwenzangu bado anabeba nilichomfanyia. Kwa hiyo hata nikishangilia hapa mbele, mguu mmoja hautulii.

Ila mwaka huu, mvua ya kwanza ilipoanguka, tulikuwa tunageuza ng'ombe mwisho wa shamba. Mimi nimekazana na plau, meno nje, jasho linatiririka, kama kawaida yangu. Fabiano akasimamisha ng'ombe. Akanitazama, na nikaona mdomo wake unacheza. Akasema, "Shemeji, legeza mkono. Hiyo ni plau, haikimbii." Akacheka! Mtu ambaye sijasikia kicheko chake tangu ile siku ya vumbi, akacheka mpaka akajishika kiuno kwa mkono wake mzima. Nami nikalegeza. Tukalima mstari ule ukawa umenyooka kuliko yote.

Namshukuru Mungu wa mbinguni, aliyesikia maneno matatu kutoka kwenye mdomo uliojaa vumbi. Namshukuru mke wangu, yuko pale, amejifunika uso kwa kanga, basi, mama, namaliza. Namshukuru Lemayan aliyenifundisha kusema kweli bila kujua ananifundisha. Fabiano ameniruhusu niyaseme haya. Amekaa karibu na dirisha, amekataa kusimama, msimgeukie, ataondoka.

Na wewe uliyekaa hapo, sikuulizi mambo ya turubai. Nakuuliza kuhusu nyumbani kwako. Pengine ni mkeo. Pengine ni mdogo wako mliyegombania mpaka wa shamba, au kibarua wako, au mzazi aliyekukosea zamani na sasa amezeeka. Umemshika pabaya. Anakubishia hodi chini kwa chini, kwa sababu watu wetu hatusemi "basi" kwa sauti, na hakuna anayemsikia ila wewe. Usingoje mpaka mwamuzi aone. Ukishindwa kufungua mikono, mwombe Yesu, anafungua, mimi ni shahidi wa hilo. Lakini mwombe sasa hivi, ndugu yangu, wakati mwenzako bado anabisha.